Anzeni na Mtoto Asiye na Simu

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Jogoo House, Nairobi. Kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Na kwa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC)

Mheshimiwa Waziri, nanyi wakurugenzi,

Nawaandikia kwa heshima kutoka bara ya Kilifi, ninakofundisha katika shule ya msingi ya kutwa. Ombi langu ni moja. Kila mnapopanga jinsi ya kuwafundisha watoto shule zikiwa zimefungwa, mpango uanze na mtoto ambaye kwao hakuna simu ya intaneti. Huyo akishapata somo lake, ndipo tumfikirie mwenye kompyuta. Mwaka 2020 nchi yetu ilikwenda kinyume cha hapo, na hasara yake niliiona kwa macho yangu, mtoto kwa mtoto, kwa majina yao.

Huenda mkauliza kwa nini nafukua mambo ya korona leo. Nayafukua kwa sababu shule zetu hazikuacha kufungwa. Mwisho wa Aprili 2024, muhula wa pili ulipokaribia kuanza, mvua ilikuwa imevunja madaraja na kujaza maji madarasani. Ufunguzi ukaahirishwa kwa wiki moja, ukaahirishwa tena bila tarehe, hadi watoto waliporudi Mei 13. Jirani zetu wa Tana River walikuwa wameyapitia hayo hayo miezi michache kabla, katika mafuriko ya mwisho wa 2023, na huko baadhi ya shule zenyewe ziligeuka makao ya watu waliokimbia maji. Mwaka 2015 sisi walimu tuligoma kwa takriban wiki tano. Kaskazini Mashariki, mapema mwaka 2020, kabla korona haijaingia nchini, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa baada ya wenzao kuuawa, madarasa yakabaki na watoto bila wa kuwafundisha. Na katika vijiji vya msitu wa Boni, Lamu, zipo shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi yaliyoanza 2014, na wanafunzi wake wakakaa miaka bila darasa. Mtoto wa Basuba, eneo la msitu huo, alihitaji kufundishwa kwa mbali zamani sana kabla mtoto wa mjini hajaingia darasa lake la kwanza la video.

Kwa hiyo sizungumzii ugonjwa mmoja uliopita. Nazungumzia jambo litakalotokea tena, pengine mvua zijazo, na shule yangu mpaka leo haina hata ukurasa mmoja ulioandikwa wa kusema siku hiyo tufanye nini.

Niwakumbushe yaliyotukuta. Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, za kutwa zikianza kesho yake. Tangazo lilitoka Jumapili. Watoto wetu walikuwa wameondoka Ijumaa wakijua Jumatatu wanarudi, na vitabu vya kiada, vile ambavyo serikali ilianza kuvileta moja kwa moja shuleni mwaka 2018 ili kila mtoto awe na chake, vilikuwa vimefungiwa kabatini. Tulikuwa na kitabu kwa kila mtoto, na kwa miezi mingi kitabu kilikaa upande mmoja wa kufuli na mtoto upande mwingine. Tulipokuja kuvigawa, mchwa walikuwa wameshavionja baadhi.

KICD ilifanya kazi kwa haraka, nami nawashukuru bila kubana maneno. Mwezi ule ule masomo yalikuwa yakisikika kwenye redio za KBC, yakionekana kwenye Edu Channel, na kuwekwa YouTube na katika hazina yenu ya masomo mtandaoni. Lakini matokeo ya sensa ya 2019 yalikuwa yameshatoka. Yalisema kati ya kaya mia moja za Kenya, 57 hivi ndizo zenye redio na 41 hivi ndizo zenye runinga inayofanya kazi. Waliotumia intaneti, kwa watu wote wa kuanzia umri wa miaka mitatu, hawakufika 23 katika mia. Hiyo ni Kenya nzima, Nairobi ikiwemo. Ukija Ganze au Magarini kila tarakimu hapo inapungua. Nchi ilijua tangu siku ya kwanza nani atasikia na nani hatasikia, na bado tuliita mafanikio idadi ya masomo yaliyopakiwa. Hatukuhesabu watoto waliofikiwa.

Kisha maisha yakabana. Kuanzia Aprili 8 Kilifi, Kwale na Mombasa zilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kafyu ilikuwa imeshaanza. Hoteli za Watamu na Malindi zilifunga, na baba aliyekuwa akituma pesa nyumbani kutokana na ulinzi au upishi akarudi mikono mitupu. Katika nyumba ya namna hiyo bando la intaneti ndilo la kwanza kukatwa, kabla ya sukari. Wavulana wa darasa la saba na la nane wakaingia machimbo ya mawe, wengine wakachoma makaa. Wasichana wakabaki na wadogo zao, na maji, na kuni.

Sisi walimu tulianza na kile tulichosikia wengine wakifanya, yaani makundi ya WhatsApp, kundi kwa kila darasa. Wazazi walioingia hawakufika nusu, kwa kuwa simu nyingi hapa ni mulika mwizi. Hata waliokuwa na simu kubwa, simu ilikuwa ya baba, na baba alitoka nayo asubuhi kwenda kutafuta kibarua. Ilirudi usiku ikiwa na chaji kidogo, na mtoto akafungua kazi yake kwa mwanga wa koroboi. Tulijifunza upesi kuacha video. Sauti iliyorekodiwa kwa dakika mbili au tatu ilikula bando kidogo, na mzazi asiyejua kusoma aliweza kuisikiliza pamoja na mtoto. Wenzangu wa madarasa ya chini walianza kurekodi kwa Kigiriama, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mtoto wa gredi ya kwanza anaingia nayo darasani, na mtaala wenyewe unatutaka tuanze na lugha ya eneo. Kumbe masomo ya taifa yaliyokuwa hewani yalikuwa kwa Kiingereza na Kiswahili tu. Hapa Pwani vipo vituo vinavyotangaza kwa lugha za Kimijikenda mchana kutwa, na bibi za watoto wetu huvisikiliza. Njia ilikuwa wazi.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwenye redio. Nimesikia watu wakiizungumzia kama kitu cha kumpa maskini mpaka intaneti imfikie. Naomba muache kuiona hivyo. Redio ina elimu yake, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoijenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule zetu za msingi. Sauti ya redio iliuliza swali kisha ikanyamaza, watoto wakajibu kwa pamoja, sauti ikarudi na jibu sahihi ili mtoto ajipime papo hapo. Iliwaambia wasimame, waoneshe kitu, waandike neno. Kule kunyamaza kulipimwa kwa sekunde. Zanzibar walitumia njia hiyo hiyo kwa watoto wadogo katika vipindi vya Tucheze Tujifunze, wakiwa na mlezi mmoja wa kijijini na redio moja, bila jengo la shule. Sierra Leone, Ebola ilipofunga shule zao mwaka wa masomo wa 2014, walifundisha kwa redio mpaka shule zikafunguliwa Aprili 2015. Korona ilipokuja wakaufufua mpango ule ule, kwa sababu walikuwa wameuhifadhi.

Masomo tuliyoyasikia 2020 mengi yalikuwa mhadhara. Msomaji mahiri, Kiingereza safi, na haraka isiyompa mtoto nafasi ya kushika kalamu. Aliyekosa dakika kumi za mwanzo kwa sababu alikuwa kisimani alikuwa amelikosa somo zima. Nilikaa na kikundi cha watoto watano chini ya mkwaju, kila mmoja ameketi mbali na mwenzake, tukisikiliza somo la hesabu. Mtangazaji aliuliza swali, na kabla mtoto hajafungua mdomo akalijibu mwenyewe. Waliacha kujaribu. Mwalimu wa kawaida hawezi kulitengeneza hilo akiwa kijijini. Ni kazi ya studio, na studio mnazo ninyi.

Tuliloweza tulilifanya. Tuliandika ratiba za vipindi kwa kalamu nene kwenye maboksi tuliyoyakunjua, tukazitundika kwenye mashine ya kusaga, dukani na kisimani, kwa kuwa mwenye redio hakujua saa na mwenye kujua saa hakuwa na redio. Tuliorodhesha nyumba zenye redio na kuomba kila moja ipokee watoto wawili au watatu wa jirani. Mawe ya redio yakawa tatizo jipya. Mwenye duka mmoja alikubali kutuuzia kwa bei ya kununulia, na wazee wa nyumba kumi wakachangisha.

Lakini kilichofundisha kwa hakika, Mheshimiwa, ni karatasi. Nalisema hili nikiwa na ushahidi mkononi. Kila mwalimu aliandika kazi ya wiki kwa mkono, upande mmoja maelezo mafupi na mfano uliofanyiwa kazi, upande wa pili maswali. Tulitoa nakala kwenye kituo cha biashara, tukazifunga kwa majina ya vijiji, na vijana wa bodaboda wakazipeleka dukani, wengine wakikataa nauli kwa kuwa wadogo zao walikuwa humo. Ijumaa karatasi zilirudi kwa njia ile ile. Zilikaa siku mbili tatu kabla ya kuguswa, kwa hofu ya ugonjwa tuliyokuwa nayo wakati ule, kisha tukasahihisha.

Wiki za mwanzo zilirudi chache. Halafu mwenzangu mmoja wa Kiswahili akaanza kuandika mstari mmoja kwa kila mtoto chini ya alama, kwa wino mwekundu na kwa jina lake: umeelewa ngeli ya pili lakini tazama tena swali la nne, dada yako asikufanyie, nataka mwandiko wako. Idadi ikapanda wiki ile iliyofuata, nasi sote tukamfuata. Watoto walitaka kujua kwamba kuna mtu anawangoja. Mama mmoja alinieleza kwamba mwanawe alikuwa akitoka machimboni saa tisa ili awahi karatasi yake dukani. Karatasi pia zilitueleza habari ambazo hakuna mtandao ambao ungetueleza. Mwandiko ukibadilika tulijua mtoto ameondoka na anafanyiwa kazi. Karatasi isiporudi mara mbili mfululizo, mwalimu alikwenda nyumbani kwao, na safari hizo ziliokoa wasichana wawili ambao wazazi wao walikuwa wameanza mazungumzo ya kuwaoza.

Rimu za karatasi na wino wa mashine vililipwa na walimu, mfukoni mwao. Muda wa maongezi na bando pia. Kuna wenzetu walioajiriwa na halmashauri za shule, na wa shule za kibinafsi, ambao wengi wao kote nchini waliachwa bila mshahara tangu Machi. Baadhi yao waliendelea kusahihisha. Kazi hiyo haikuandikwa popote. Haimo katika tathmini ya mwalimu, haikulipwa, wala hakuna aliyeuliza ilifanyikaje.

Yapo ambayo karatasi wala redio havikuyaweza. Katika ukame, watoto wengi wa huku huja shule kwa sababu ya ule mlo wa mchana, na hakuna somo la mbali linalobeba sahani ya pure. Mtoto kiziwi hakuwa na lolote la kufanya na redio. Na mzigo wa kufundisha uliwaangukia dada wakubwa. Msichana wa kidato cha pili alikuwa mwalimu wa wadogo zake wanne huku masomo yake mwenyewe yakikauka. Wasichana hao ndio waliokuwa walimu wetu wasaidizi mwaka mzima, na wengine wao ndio ambao hawakurudi.

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi. Tangu 2016 serikali ilisambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Vilitengenezwa kubeba masomo bila kuhitaji intaneti. Ndivyo hasa vilivyohitajika 2020, na vilibaki nyuma ya milango ya chuma, kwa kuwa mwalimu mkuu huwajibika kwa kila kimoja na hakukuwa na utaratibu wa kumkopesha mzazi. Wakati huo huo, Julai 2020, maputo ya Loon yalianza kurusha intaneti kutoka angani kwa ushirikiano na Telkom Kenya, juu ya sehemu za magharibi na kati mwa nchi. Wengi tulifurahi. Januari 2021 kampuni ya Loon ikatangaza kuufunga mradi huo. Sisemi teknolojia haifai. Nasema kishikwambi kilichokwisha kununuliwa na kitabu kilichomo kabatini ni karibu zaidi na mtoto kuliko puto.

Julai 7, 2020, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa George Magoha, Mungu amrehemu, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Naelewa kwa nini uamuzi ulichukuliwa: isingekuwa haki kumtahini mtoto aliyesoma pamoja na ambaye hakupata nafasi. Ila kauli ile ilishuka kijijini kwa njia nyingine. Karatasi zilipungua wiki ile ile. Wazazi walituuliza kwa nini tunawasumbua watoto ilhali mwaka hauhesabiwi. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, wengine wote Januari 4, 2021, na tangu hapo tukakimbizwa kwa kalenda iliyobanwa mpaka ilipotengemaa Januari 2023. Darasani aliketi aliyejaza karatasi kila wiki, kando yake aliyekuwa machimboni miezi tisa, na wote wawili wakafundishwa ukurasa mmoja siku moja. Wengi wa wale wa machimboni waliona wamepitwa, wakarudi walikotoka. Uganda shule zilifungwa kwa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022, na najua huko walimu wameona makubwa kuliko haya yetu. Lakini kwetu sisi, watoto tuliowapoteza hatukuwapoteza wote wakati wa kufungwa. Wengine tuliwapoteza kwenye haraka ya kufidia.

Kwa hiyo naomba haya. KICD irekodi masomo ya redio yanayouliza na kungoja jibu, kwa Kiswahili na kwa lugha za maeneo kwa gredi za chini, na mikataba na vituo vya mashinani isainiwe sasa, jua likiwaka, ili siku ya kufungwa ibaki kubonyeza tu na kila somo lirudiwe jioni. Kila shule iwe na bunda la karatasi za kazi za wiki mbili kwa kila gredi, zilizochapishwa tayari na kuhifadhiwa mahali pakavu, hata katika nyumba ya chifu ikiwa shule iko bondeni. Itoke amri moja fupi inayomruhusu mwalimu mkuu kugawa vitabu na vishikwambi siku shule inapofungwa, na kumwondolea lawama kwa kitakachoharibika katika mikono ya mtoto. TSC iihesabu kazi ya mbali kama kazi, iigharimie, na iwajumuishe walimu wa halmashauri. Chakula cha shule kitafutiwe njia ya kuwafikia watoto nyumbani kama unga na maharagwe. Na shule zikifunguliwa, tupewe wiki mbili za kupima kila mtoto ameachia wapi kabla mtaala haujaanza kukimbia. Kwa Lamu na Kaskazini Mashariki msisubiri kufungwa kwingine, kwa sababu huko kuna watoto ambao wanangoja mpaka leo.

Sehemu kubwa ya haya haihitaji fedha mpya nyingi. Inahitaji mtu aje kuuliza shule zilifanyaje, kabla walimu wa 2020 hawajastaafu na wengine kuhamishwa. Karatasi zetu bado zipo, zimepangwa kwa gredi na kwa wiki, pamoja na orodha ya nyumba zenye redio na madaftari ya nani alirudisha na nani hakurudisha. Mwalimu mkuu na halmashauri ya shule wameshakubali zitumike. Mkimtuma afisa wa KICD, tutamkabidhi masanduku yote, na walimu waliozisahihisha watakaa naye kwa muda wowote atakaouhitaji.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kaunti ya Kilifi